Kabla ya kufungua Biblia, toa pumzi ndefu

Kwa wenzangu mnaoamka saa kumi na moja alfajiri kusoma Neno na baridi hii ya Mbeya, kabla hujafungua Biblia vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4 halafu itoe taratibu ukihesabu mpaka 6 au 7, rudia kama mara 6 hivi. Kazi iko kwenye kutoa sio kuvuta, maana ukitoa pumzi ndefu mapigo ya moyo yanapungua na mwili unatulia, ndo akili inaacha kukimbilia simu na mambo ya shamba. Mi naipenda zaidi kwenye Zaburi ya 119, ile ina mafungu 22 ya mistari 8 8, kila fungu likiisha natoa pumzi moja ndefu ndo naendelea, yaani Neno linakaa kabisa. Ukisikia kizunguzungu ujue unavuta kwa nguvu mno, acha, pumua kawaida. Kama una usingizi haisaidii, itakulaza tu, bora usimame usome kwa sauti. Na jamani msifanye hivi chumba kimefungwa na jiko la mkaa linawaka ndani, hewa ile inaua, toeni jiko nje kwanza.