Mvua za Septemba Bukavu: kagua mteremko ulio nyuma ya nyumba

Kiangazi cha Juni hadi Agosti hupasua udongo wa mfinyanzi. Mvua za Septemba zikianza, maji huingia moja kwa moja katika nyufa hizo, na mteremko huwa mzito na wenye utelezi ndani, hata ukaweza kuporomoka. Kwa hiyo kagua mapema.

Pigilia kijiti kimoja kila upande wa ufa, kisha pima umbali kati ya vijiti hivyo kila Jumapili, na tena baada ya kila mvua kubwa. Ukiongezeka hata sentimita 1, udongo unatembea. Jaza ufa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji yasipenye, lakini usidhani umeponya kitu, endelea kupima.

Maji ya mabati yafike mtaroni, yasimwagike ukingoni. Usichimbe chini ya mteremko ili kupanua kiwanja: unaondoa kinachoushikilia. Hakuna kosa baya kuliko hilo.

Milango ikianza kukwama, miti ikiinama, au chemchemi ikitoa tope ghafla, hameni papo hapo, hata ikiwa ni usiku. Kimbieni kando, si kuelekea bondeni. Msirudi kuchukua vitu. Poromoko la pili laweza kufuata.