Vifaa vya kubadilishia tairi la pikipiki nyumbani, hela weka kwenye leva kwanza

Juzi jirani yangu, dereva boda, kaniletea seti ya vifaa kanunua Gerezani pale Dar, boksi zuri la plastiki limejaa bisibisi, spana, plaizi, nikamuuliza sasa leva ziko wapi kaka? Hamna. Yani kanunua vifaa vya kubadilishia tairi halafu kitu chenyewe cha kutolea tairi kwenye rimu hakimo. Simcheki, maana mi mwenyewe tairi langu la kwanza nililitoa kwa bisibisi mbili na nyundo, likatoka vizuri nikajisifu, kuja kurudisha najaza upepo unatoka psiii, kufungua tena tyubu mpya ina vitobo viwili vimekaa pamoja kama imeumwa na nyoka. Bisibisi ilikuwa imeibana kwenye rimu.

Basi nazungumzia pikipiki zetu hizi za kawaida, Boxer, TVS na wenzake, rimu inchi 17 au 18, tyubu ndani. Leva ya sentimita 25 mpaka 30 inatosha kabisa. Ndefu ya nusu mita utaona raha maana inanyanyua kirahisi, ila hiyo hiyo ndo inayopasua tyubu na kupinda rimu kwa sababu mkono hausikii tena kama tairi linakataa. Chukua tatu sio mbili, mbili zinashikilia ulipofika, ya tatu ndo inatembea. Ukiwa dukani usiangalie inavyong'aa, pitisha kidole gumba kwenye ncha: iwe bapa, nyembamba kiasi, imepinda kidogo kama kijiko, na kona zote zimeviringwa. Ikiwa na kona kali iache, au kama bei imekunasa basi ukifika home ipige tupa halafu msasa mpaka ukiipitisha kwenye ukucha isikwaruze. Kuna zile za bati nene lililokatwa tu, nilishanunua, siku ya pili zikakunja kama miiko, sasa hivi mama watoto anachochea mkaa nazo. Tafuta chuma kilichofuliwa, utakijua kwa uzito, na katikati ni kinene kuliko kwenye ncha.

Afu hata uwe na leva nzuri vipi, kama hujui rimu ilivyo utahangaika. Rimu katikati ina bonde. Ukingo wa tairi una waya ndani, hautanuki, kwa hiyo ili uvuke upande huu lazima upande wa pili uwe umeshukia kwenye lile bonde, ndo unapata nafasi. We kandamiza kwa goti upande wa pili, halafu nyanyua kidogo kidogo, vidole viwili vitatu hivi kila hatua. Kutoa anzia kwenye valvu, kurudisha malizia kwenye valvu, na kabla hujamalizia isukume valvu ndani kidogo ili tyubu isibanwe chini ya ukingo. Ukiona unaning'inia kwenye leva na mishipa ya shingo imekutoka, simama, ule upande wa pili umepanda juu.

Spana za ekseli hazina mambo mengi. Pima nati zako kabla hujaenda dukani, ya mbele na ya nyuma mara nyingi hazifanani, nunua spana ya ringi au boksi ya kona sita kwa saizi hizo tu. Spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, usiiguse hapa, inakula kona za nati na ikishateleza mara moja ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Tafuta na kipande cha bomba cha kurefushia spana, maana kuna mafundi wanakaza ekseli utadhani wanafunga reli. Hilo bomba la kulegezea tu lakini, usikazie nalo.

Vitu vidogo ambavyo watu wanasahau: kile kifuniko cha valvu cha chuma chenye meno mawili, hicho ndo kinafungua sindano ya valvu upepo utoke wote, bei yake haifiki hata soda. Sabuni ya maji na brashi ya kupaka kwenye ukingo. Usipake oili wala dizeli, inaharibu mpira. Poda ya mtoto, nyunyiza ndani ya tairi tyubu isigandie (kwangu naiba ya mwanangu, tusifike mbali).

Pampu ya mguu inatosha ila nunua geji pembeni, zile geji za kwenye pampu za bei chee zinasema zinavyojisikia. Soma stika ya pikipiki yako, mara nyingi iko kwenye mkono wa nyuma unaoshika gurudumu au kava la cheni, nyingi za saizi hii zinataka kama 25 psi mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, ukibeba abiria unaongeza. Ukishajaza zungusha tairi uangalie ule mstari mwembamba wa kwenye tairi kando ya rimu, kama sehemu moja umezama toa upepo, paka sabuni, jaza tena.

Wenye tyubules, yani tairi zisizo na tyubu, mi nawashauri mtoe gurudumu nyumbani mlipeleke kwa mwenye kompresa. Ukingo wake umeng'ang'ania rimu, mguu hauubandui mpaka uwe na jiriwa, na kurudisha unataka upepo mwingi kwa mpigo, pampu ya mguu utaikanyaga mpaka jioni.

Ile tyubu ya zamani usitupe, kata kipande kirefu kama soksi uchomeke leva zote tatu humo, hazipigi kelele chini ya siti na haziikwaruzi betri.