Chopsi za nguruwe kwenye eafraya (kikaangio cha hewa moto) bila kukauka

Ukizoea kitimoto cha Dar es Salaam, yaani nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande na kukaangwa hadi ikauke vizuri, halafu upike chopsi ya Ulaya au Marekani kwa mtindo uleule, utatafuna hadi taya ziume. Chopsi nyingi za dukani hukatwa mgongoni, nyama nyeupe isiyo na mafuta katikati, na kila dakika inayozidi inakausha maji yake.

Kwa hiyo kazi inaanzia dukani. Chagua zenye mfupa, unene wa sentimita 2.5 hivi, na ukanda wa mafuta pembeni. Zile nyembamba za bei ya chini huiva ndani kabla nje haijapata rangi. Za shingoni au begani zina mafuta zaidi, na kwa anayeanza ndizo ningempa.

Loweka kwenye maji ya chumvi: lita 1 ya maji, vijiko 3 vya chakula vya chumvi laini, saa 1 ndani ya friji. Chumvi inaisaidia nyama kushika maji yake ikipata moto. Lakini soma lebo kwanza, hasa Marekani. Ukikuta maji, chumvi na fosfati vimeshaongezwa kiwandani, usiloweke.

Itoe, ikaushe kabisa kwa karatasi ya jikoni, maana nyama yenye maji juu haipati rangi. Chanja ule ukanda wa mafuta mara mbili tatu ili chopsi isijikunje. Paka mafuta kidogo, pilipili manga, paprika na kitunguu saumu cha unga, kibichi kinaungua. Limau lisubiri mezani.

Washa eafraya nyuzi 200 za Selsiasi (400 za Farenhaiti) kwa dakika 3 hadi 5 ikiwa tupu. Panga chopsi bila kubebana, geuza baada ya dakika 5 au 6, kisha anza kupima kuanzia dakika ya 8. Kwa unene huo nyingi huwa tayari kati ya dakika 10 na 13. Mafuta yakianza kutoa moshi, mimina vijiko 2 vya maji kwenye droo ya chini ya kikapu, kengele ya moshi isije ikaamsha jengo zima.

Hapa ndipo nasisitiza: nunua kipimajoto cha nyama. Ni kitu cha bei ndogo. Kichome upande, ncha ifike katikati ya nyama bila kugusa mfupa. Mamlaka za Marekani tangu 2011 zinakubali nyuzi 63 (145 za Farenhaiti), kisha nyama ipumzike dakika 3. Uingereza wanashauri nyuzi 70 kwa dakika 2, na nyama iliyolowekwa bado itakuwa na maji hapo. Kwa mjamzito, mzee au mgonjwa, fuata hizo 70.

Najua wengi tunaogopa rangi ya waridi, na kwetu hofu hiyo ina sababu: tegu wa nguruwe bado yupo katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki, na mabuu yake yanaweza kufika hadi kwenye ubongo. Ukienda likizo, nguruwe wa kijijini mpike aive kabisa kama mama alivyokufundisha. Nyama ya dukani ughaibuni imepita ukaguzi, kwa hiyo amini kipimo kuliko rangi.

Iache kwenye sahani dakika 5 kabla ya kukata. Muda huo katakata kachumbari na choma ndizi kwenye kikapu kilekile.

Kama mnaishi nyumba moja na Muislamu, usipikie nguruwe kwenye eafraya ya wote. Nunua yako, na useme wazi ipi ni ipi.

Kiporo usikirudishe kwenye nyuzi 200. Kikate vipande vyembamba, ukipashe kwenye rojo ya nyanya na kitunguu inayochemka, ukile na ugali.