Pumzi ya Kwenda Lindi na Kurudi

Vijana wanaokuja kijiweni kwangu hapa Majengo kunyoosha rimu huniuliza swali lilelile: kutoka Mtwara hadi Lindi na kurudi siku hiyohiyo, zaidi ya kilomita 200, inataka baiskeli gani? Yoyote yenye giya zinazokubali na kiti kisichochubua. Kinachowaangusha ni kwamba kila wakitoka wanakimbizana. Hadi Mikindani ni kama kilomita 10 tu, lakini wanavyoondoka mjini utadhani huko kuna ng'ombe wa zawadi anawangoja. Wanarudi hoi, kesho wanalala, keshokutwa wanarudia vilevile. Mwaka unakwisha wana kasi ya nusu saa, pumzi ya safari hawana.

Pumzi ya safari hujengwa kwa mwendo mwepesi, na kipimo chake ni mdomo. Uweze kumpigia mwenzio stori kwa sentensi nzima bila kuhema katikati. Ukianza kumjibu kwa neno mojamoja, umeshazidisha, punguza giya. Katika mwendo huo mwili hujifunza kutumia mafuta yake, mishipa midogo ya damu huongezeka kwenye misuli, na kesho yake miguu inakubali tena. Sehemu kubwa ya wiki yako iwe hivyo. Najua inachosha roho, hasa bodaboda akikupita huku anacheka. Mwache apite.

Chagua siku moja ya safari ndefu, kwa wengi ni Jumapili. Anza na muda unaoumudu bila kuteseka, tuseme saa moja na nusu, kisha ongeza robo saa au dakika 20 kila wiki. Wiki ya nne rudi nyuma, uendeshe kama nusu ya ulichofikia. Usihesabu kilomita mwanzoni, hesabu muda, kwa sababu huku kwetu kilomita zinadanganya. Kinachozifanya zidanganye ni kusi, upepo utokao kusini.

Hatuna milima karibu na mji. Mlima wa kweli ni kupanda uwanda wa juu wa Makonde kuelekea Newala. Mlima wetu wa kila siku ni upepo. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, njia ya Lindi inakubeba mgongoni unapokwenda, unajiona bingwa, halafu unageuza na kilomita zote unazilipa ukiwa umeshachoka. Kwa hiyo miezi hiyo fanya kinyume: toka na barabara ya Madimba kuelekea Msimbati, uukate upepo asubuhi nguvu zikiwepo, kisha urudi unasukumwa. Unapoukata, inama, kunja viwiko, weka giya nyepesi na miguu izunguke mara 80 hadi 90 kwa dakika. Usishindane na upepo kwa kasi. Shika jitihada ileile hata ukitambaa. Mkiwa wawili pokezaneni mbele, lakini si kwenye barabara ya malori. Malori ya saruji na ya makaa ya mawe yanayoelekea bandarini yana mvuto wake yakikupita, na mtu aliyeng'ang'ania gurudumu la mwenzake haoni kitu. Vaa kofia ngumu na nguo ya rangi kali, na uwe umerudi kabla jua halijazama.

Kula kabla njaa haijauma. Baada ya saa moja barabarani mwili unataka gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na ndizi mbivu moja ya wastani ina kama 25. Basi ni ndizi mbili, au ndizi na kipande cha kashata. Korosho, pamoja na kwamba tumezaliwa chini ya mikorosho, zina mafuta mengi na hukaa tumboni; ziweke za jioni. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni kidogo, na jasho la hapa ni la chumvi. Mimi hutengeneza maji ya kuhara, yale ya zahanati: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta juu. Jipime uzito kabla na baada. Kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Ukirudi umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni hatari.

Sasa ndani. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua hutufungia, na wengine kazi zinawaachia saa moja tu ya usiku. Ndani ndiko mahali pa kazi ngumu fupi, ile ambayo vijana wanaipeleka barabarani kila siku. Mashine za dukani ni ghali, kwa hiyo nilimpa mchomeleaji mabomba mawili ya chuma akaniundia fremu pana inayobana nati za ekseli ya nyuma, gurudumu likae hewani. Nilivua tairi na tyubu nikabaki na rimu tupu. Katika mfereji wa rimu nikapitisha mkanda wa ngozi wa suruali: ncha moja imefungwa kwenye mzani wa kuning'iniza wa wauza samaki, nyingine kwenye boliti ya kukazia. Ukikaza, mzani unapanda na pedali inakuwa nzito. Kilo tatu zinatosha kumtoa jasho mtu mzima. Haikupi wati kamili, ila inakuonyesha kama wiki hii umeweza zaidi ya wiki iliyopita. Rimu inapata moto, usiiguse.

Zoezi lenyewe: pasha mwili dakika 15. Kisha dakika nane kali, za kukuwezesha kusema maneno matatu tu, halafu dakika nne nyepesi. Anza na mizunguko miwili, fika minne kwa wiki kadhaa. Siku nyingine kaza mkanda sana, pedali zizunguke mara 55 hadi 60 kwa dakika tano-tano. Hayo ndiyo maandalizi ya Newala, ila magoti yakilalamika acha. Siku hizi ngumu zisizidi mbili kwa wiki, na zisifuatane.

Feni ni lazima. Ndani hakuna upepo wa mwendo, joto linabaki mwilini na mapigo ya moyo yanapanda ingawa mzani haujasogea. Umeme ukikatika, hamia barazani au legeza mkanda. Simama kwenye pedali kila baada ya dakika 10, maana baiskeli iliyofungwa haiyumbi na makalio hufa ganzi.

Ukishaweza saa sita nyepesi Jumapili na Jumatatu ukaamka mzima, upo tayari. Subiri tangambili, Oktoba au Novemba, kusi ikishalegea na kaskazi haijashika. Wiki mbili kabla punguza safari kwa nusu. Ondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukifika Mnazi Mmoja, njia panda iliyo kabla ya Lindi, kabla ya saa nne asubuhi na bado unapiga stori, endelea Lindi. Kama sivyo, kunywa chai hapo hapo na ugeuze.