Kihisi cha Mzunguko au cha Nguvu: Namna ya Kuchagua Unapoifunga Baiskeli Mota

Kabla ya kununua chochote, elewa kila kihisi kinapima nini. Kihisi cha mzunguko ni pete yenye sumaku, mara nyingi 8 au 12, inayofungwa kwenye ekseli ya pedali mbele ya kipokezi kidogo kinachotambua kila sumaku inapopita. Hakitofautishi anayekanyaga kwa bidii na anayezungusha miguu tu: ishara kadhaa zikishafika, kidhibiti, yaani kisanduku cha umeme kinachoiongoza mota, kinaipa mota nguvu ya kiwango ulichochagua. Kihisi cha nguvu hupima jinsi ekseli inavyojipinda kwa uchache sana chini ya mguu wako, na mota husaidia kwa kadiri unavyokanyaga.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kukikagua kidhibiti. Kihisi cha nguvu hutoa volti inayopanda na kushuka, na kidhibiti kisichoundwa kuisoma hakitakusaidia hata ukifunga kihisi cha bei kubwa kiasi gani. Ikiwa kidhibiti chako kinakubali cha mzunguko pekee, ama ukibadilishe, ama uridhike na hicho.

Tatu, fikiria unavyoendesha. Anayesimama na kuondoka mara kwa mara, anayeanzia mlimani au anayepita polepole kati ya watu atafaidika zaidi na kihisi cha nguvu, kwa sababu msaada huja mara tu anapokanyaga na hupungua anapolegeza mguu. Cha mzunguko huchelewa kidogo kuanza, kisha husukuma ghafla, na huweza kuendelea kusukuma kwa muda mfupi baada ya miguu kusimama. Hata hivyo, mwenye magoti dhaifu asishawishiwe na sifa hizo, kwani kihisi cha nguvu humdai akanyage ndipo asaidiwe, ilhali cha mzunguko humbeba hata akizungusha pedali kwa wepesi. Kwa safari ndefu za tambarare, sioni haja ya kulipia zaidi.

Nne, pima fremu. Vihisi vingi vya nguvu huchukua nafasi ya ekseli nzima pamoja na beringi zake, kwa hiyo upana wa bomba la ekseli, ambao kwa kawaida ni milimita 68 au 73, lazima ulingane na kihisi unachonunua.

Wakati wa kufunga cha mzunguko, acha upenyo wa milimita chache kati ya sumaku na kipokezi, na uangalie upande wa pete, maana ikigeuzwa mota inaweza kuitikia unapokanyaga kinyumenyume. Swichi za kukata mota kwenye breki usiache kuzifunga, hasa kwa aina hii. Ukifunga cha nguvu, washa mfumo bila kuweka mguu kwenye pedali, kwa kuwa vidhibiti vingi huchukua kipimo cha wakati huo kuwa sifuri, na ukiwa umekanyaga wakati huo, msaada utakaoupata baadaye utakuwa pungufu.