Usiukabe mpira: kusimama na kuachia katika bolingi

Ukinishika mkono wa kulia utakuta sugu nyuma ya kidole gumba, juu ya kile kiungo cha katikati. Sasa imelainika, lakini miaka mitatu ya mwanzo ilikuwa ngumu kama kisigino cha mtembea peku. Nikiionea fahari. Nilidhani ndiyo alama ya mchezaji, kama zile za mpiga gitaa kwenye ncha za vidole. Hadi siku moja mzee aliyekuwa akicheza njia ya pili akasimama kunitazama, nikarusha mara nne au tano, kisha akaniuliza kwa upole: "Mama, huo mpira umekukosea nini mpaka unaukaba hivyo?"

Nilikuwa naukaba kweli. Gumba limebana kwenye tundu la mpira, kifundo cha mkono kimekakamaa, bega limepanda karibu na sikio. Mpira haukuwa ukitoka mkononi, ulikuwa ukinyofoka. Mara moja unaingia mtaroni kushoto, mara inayofuata unaangusha pini tisa kati ya zile kumi za mwisho wa njia, nami sijui nimefanya nini tofauti. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyojifunza baada ya swali lile. Ni kwa anayetumia mkono wa kulia. Mashoto wageuze pande.

Kwanza tundu. Watu hukimbilia kuuliza miguu ikae vipi, na mkono wao unakabana na mpira usiowatosha. Tundu la gumba likiwa pana, mkono hautasubiri ruhusa yako, utabana tu, maana unajua kitu kinataka kudondoka. Ingiza gumba lote hadi shinani, ulizungushe: ngozi iguse pande zote bila kukwaruzwa. Kisha, gumba likiwa ndani, laza kidole cha kati na cha pete juu ya matundu yao. Kwa mipira ile ya kukodi, mkunjo wa kiungo cha pili uupite kidogo ukingo wa tundu ulio upande wa kiganja. Ukiwa hauufikii, mpira ni mkubwa kwa kiganja chako, na hakuna mafunzo yatakayoutibu.

Uzito nao. Kikomo cha sheria ni pauni 16, yaani kilo 7.26. Mimi nilibeba ya 15 kwa ajili ya macho ya watu. Sasa nabeba ya 12. Kipimo changu ni hiki: simama wima, shusha mkono wenye mpira, uache ubembee mara tatu. Bega likianza kuufuata mpira mbele na nyuma, rudisha, chukua mwepesi zaidi. Hakuna anayesoma namba iliyoandikwa juu ya mpira wako isipokuwa wewe.

Sasa simama. Miguu karibu karibu, wa kulia nyuma kidogo ya wa kushoto. Magoti yalegee, mgongo uiname mbele kiasi, kama mtu anayetaka kusikia mtoto anasema nini. Mpira uwe kati ya kiuno na kifua, mbele ya bega la kulia, usiwe mbele ya kitovu, maana kutoka hapo mkono utalazimika kuzunguka nyonga. Kiwiko kiguse mbavu. Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia kwa miaka mitatu: uzito ubebwe na mkono wa kushoto. Wa kulia uwe mgeni tu humo tunduni. Ukianza safari huku wa kulia umeshachoka, utaubana mpira hadi mwisho.

Macho yasiende kwenye pini. Pini ya kwanza iko futi 60 kutoka mstari wa faulo, ule usioruhusiwa kuugusa, zaidi ya mita 18. Mishale saba iliyochorwa kwenye njia iko futi 15 hivi, na ndiyo shabaha yako. Anza na mshale wa pili kutoka kulia. Ukikosea ubao mmoja wa njia kwenye mishale umekosea mbao kama nne kwenye pini, na njia nzima ina mbao 39 tu.

Hatua ni nne: kulia, kushoto, kulia, kisha kushoto unateleza. Hatua ya kwanza ni fupi, na mguu wa kulia na mpira viondoke pamoja. Usiusukume. Upeleke mbele kama unayemkabidhi mwenzako mtoto aliyelala. Hapo mkono wa kushoto unaachia, mpira unaanguka wenyewe, na kuanzia hapo kazi yako ni kutouingilia. Fundi mwashi anajua timazi: ukiigusa, inakudanganya. Mkono wako ni uzi na mpira ni lile jiwe. Hatua ya pili mpira unapita pajani, ya tatu uko nyuma, kimo cha bega au chini yake, ya nne unarudi. Ukiuvuta ili uende kasi, bega litafunguka na mstari umepotea. Kasi itoke miguuni.

Kwenye kuteleza ndiko mwili unapoamua kila kitu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mguu wa kushoto unateleza na goti linakunjika. Kidevu, goti na ncha ya kiatu vikae kwenye timazi moja. Mguu wa kulia uende nyuma, upite upande wa kushoto, wayo ukiburuza sakafuni. Si madoido ya kupigia picha. Nyonga ya kulia ikibaki mahali pake, mpira hauna pa kupita, kiwiko kinatanuka kama bawa la kuku, na kiganja kinakwenda pembeni ya mpira badala ya kukaa nyuma yake. Mguu ukiondoka, nafasi inapatikana, na mpira unapita karibu kabisa na kifundo cha mguu wa kushoto. Nilipoanza kujaribu niliogopa kujigonga. Nilijigonga mara mbili. Nikapona.

Binti yangu alinirekodi kwa simu akiwa upande wa kulia, nikaona kosa ambalo ningebisha mbele ya hakimu kwamba silifanyi. Nukta ya mwisho, mpira ukiwa bado mkononi, goti langu lilinyooka na kichwa kikachomoka juu kuchungulia pini. Mpira ukawa unaachiwa kutoka kimo cha muundi. Ndiyo maana njia yangu ilikuwa na kishindo kuliko za wenzangu. Sikio lako ni mwalimu wa bure: mpira ukitua kwa kishindo, umesimama mapema. Ukiachiwa vizuri hutua kama futi moja au mbili mbele ya mstari, na sauti yake ni mviringiko tu.

Haya, kuachia kwenyewe. Mpira unakaribia kifundo cha mguu, kiganja kiko nyuma yake na chini yake. Fikiria uso wa saa ya ukutani. Gumba likielekea namba 12 na vidole viwili vikiwa namba 6, mpira utaviringika moja kwa moja. Ukitaka upinde mwishoni, gumba lielekee 10 na vidole viwe 4. Gumba linatoka kwanza. Usilitoe wewe, kama hukubana, uzito wa mpira unalivua wenyewe. Kwa kitambo kifupi mno, kifupi kuliko kupepesa jicho, mpira mzima umekaa kwenye vidole viwili. Hapo ndipo unapohisi uzito umehama kutoka kitako cha gumba kwenda kwenye nyama za ncha za kidole cha kati na cha pete. Kisha navyo vinatoka, na kutoka kwao ndiko kunakouzungusha mpira. Mara ya kwanza nilipohisi hivyo nilidhani umeniponyoka.

Usikizungushe kifundo cha mkono kama anayefungua kitasa. Mkono uendelee mbele na juu, umalizie kama unamsalimia mtu mrefu kwa kumpa mkono. Angalia ulipoishia: kiganja kikitazama sakafu, umezungusha mno, mkono ukivuka kifua, bega limefunguka.

Kwa nini kujisumbua na kupinda? Kwa sababu straiki nzuri, yaani kuangusha pini zote kwa mpira mmoja, hupita kati ya pini ya kwanza na ya tatu iliyo nyuma yake kulia, na mpira ulionyooka ukifika hapo hutupwa pembeni na pini zenyewe. Unaoingia kwa pembe, kama nyuzi 6, unapenya. Ajabu ni kwamba katika straiki safi mpira wenyewe hugusa pini nne tu, ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9. Sita zilizobaki huangushwa na wenzao. Na usishtuke ukiona haupindi mapema. Sehemu ya mbele ya njia imepakwa mafuta, mpira unateleza tu. Unashika ukifika pakavu. Asiyejua hilo huongeza nguvu ya kifundo cha mkono, na kesho yake hawezi kufungua mfuniko wa chupa.

Mpwa wangu ananiambia nimepitwa na wakati, nimwige Jason Belmonte wa Australia anayecheza kwa mikono miwili bila kutia gumba tunduni. Mikono miwili ina miguu yake na mgongo wake, na mgongo wangu umekataa.

Mazoezi niliyopewa na yule mzee hayana hatua hata moja. Simama karibu na mstari, mguu wa kushoto mbele, goti limekunjika, wa kulia umeshatangulia nyuma. Bembeza mara mbili, ya tatu achia. Mipira 20, bila kuhesabu pini. Kabla ya kuanza gusa soli ya kiatu cha kushoto. Mimi niliwahi kukanyaga tone la soda, mguu ukagoma kuteleza, nikavuka mstari kwa magoti. Pini zilianguka nane. Ukigusa mstari, hazihesabiwi.

Ukirudi kwenye hatua nne, baada ya kuachia ganda hapo hapo kwa mguu wa kushoto hadi mpira ugonge pini. Ni sekunde mbili na nusu hivi. Ukiyumba, kuna kitu ulikilazimisha njiani, na mara nyingi ni mkono. Jumamosi iliyopita niliganda kwenye mipira 17 kati ya 20. Mitatu iliyobaki binti yangu anayo kwenye simu, na kila mmoja nilikuwa nimeshaanza kuchungulia.