Namna ya kuwapigia wageni santuri za zamani za rege

Kwanza vumbi. Hapa Nkuhungu, Dodoma, upepo wa Julai na Agosti hauna adabu, kwa hiyo pangusa kila santuri kwa kitambaa laini kikavu ukifuata mzunguko wa mifereji, halafu safisha sindano.

Santuri nyingi za inchi 7 kutoka Jamaika zina tundu kubwa katikati. Weka kiziba cha plastiki na kasi ya mizunguko 45 kwa dakika. Ukisahau kwenye 33, mwimbaji atasikika kama kalewa wanzuki.

Mimi huanza na Dawn Penn, "You Don't Love Me", ya Studio One, studio na lebo ya Jamaika, 1967. Wanaoujua wimbo huo kwa toleo la 1994 hushtuka. Kisha The Abyssinians, "Satta Massagana": waliurekodi 1969 hapohapo Studio One, mwenye studio Coxsone Dodd hakuutoa, wakanunua kanda yao na kuutoa wenyewe kwa lebo ya Clinch. Simulia hayo kabla ya kushusha sindano, si wakati watu wanasikiliza.

Utamu wenyewe uko upande wa pili. Piga "Baby I Love You So" ya Jacob Miller mpaka mwisho, igeuze bila maneno mengi. Hapo fundi mitambo King Tubby kaivuruga sauti ya mwimbaji, kaacha ngoma na besi zitambe, na mwangwi unazurura sebuleni. Punguza besi kidogo kama jirani ana mtoto mchanga.

Kuazimisha? Hapana. Anayetaka aje tena Jumapili.

Ukimaliza, zisimamishe wima, mbali na dirisha. Jua la Oktoba huzipinda.